Mchicha wa Nyuma ya Jiko

Morogoro, Jumamosi

Mayu,

Shikamoo, mama. Natumaini mgongo umepunguza kuuma, na mdogo wangu Masanja sasa anatembea bila kushika ukuta. Mimi hapa kwa dada mwili ni mzima. Ila naogopa, na kwenye simu nashindwa kusema. Mara tatu nimepiga nikaishia kuulizia kuku, maana unaweka sauti kubwa na nyumba nzima inasikia.

Ni habari ya shahada ya uzamili ya dada Kabula. Unakumbuka alipokuja likizo akachukua udongo na mchicha kwenye tuta lako nyuma ya jiko? Anatafiti mboga zinazolimwa karibu na mialo ya kuoshea dhahabu, kama zinanyonya zebaki. Tuta lako alilichagua liwe safi la kulinganishia, kwa kuwa kwetu hakuna mwalo. Sasa majibu ya maabara yametoka: mchicha wako una zebaki. Msimamizi wake anasema dada amechanganya mifuko ya sampuli. Jumatatu anajieleza mbele ya walimu, na wasiporidhika anaanza upya.

Jana aliniuliza taratibu, hata hakunitazama, "Limi, wewe ndiye ulinishikia mifuko. Nilikosea kuandika?"

Nikasema, "Sijui, dada."

Mayu, najua. Hakukosea. Kiangazi kile kabla dada hajaja, baba alipoleta mchanga wa dhahabu nyumbani kwa kutowaamini wenzake, akawa anaikamatisha dhahabu kwa zebaki kwenye karai la maji, aliniagiza yale maji nikamwage kwenye shimo la choo. Lambo la kuchotea maji lilikuwa mbali, shingo imechoka na ndoo, matuta yamekauka. Nikawa nayamwaga kwenye mchicha. Ukanisifu mbele ya shangazi kwamba nina mkono wa mboga, nami nikanyamaza, hata nikafurahi.

Tafadhali usiuchume tena. Masanja mpeleke zahanati, uwaeleze yote bila kunificha. Ripoti ya dada ni ya Kiingereza, nimeisoma yote, na ile sehemu inayohusu watoto wadogo nimeirudia mpaka naiona nikifumba macho.

Nisalimie bibi anayekaa na Masanja, na shangazi wa Kahama. Na baba pia. Akiuliza, mwambie ni mimi.

Kesho dada ndiye anayeipeleka barua hii stendi, kwenye basi. Bahasha sijaifunga. Nimeiweka juu ya ripoti yake, na jina lake nimeliandika juu ya lako.

Mwanao,
Limi