Namna ya Kumwangusha Kulwa

Mabwerebwere, Kilosa
12 Januari 2025

Mjomba Obed, shikamoo.

Nyonga inaendeleaje? Mama anakusalimu, anauliza kama unainyoosha au umekaa tu. Sisi tupo, mvua zimetupa mboga za kutosha. Tatizo ni pacha wangu. Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu nikikupigia, Kulwa akasikia sauti yako, anavua shati na kusimama katikati ya chumba. Na simu yangu ni kiswaswadu, haionyeshi picha. Barua nampa kondakta wa basi la asubuhi.

Tangu aanguke kwenye mashindano ya Morogoro ni mwaka na miezi miwili. Asubuhi ni mpole, anakula, anamsaidia mama kuchambua mchele. Ikifika saa kumi jioni anainuka na kutoka. Peku, anashika barabara, haoni pikipiki wala lori. Ukimzuia anakutupa. Amemtupa baba alipokuja kutoka kwenye ng'ombe. Amemtupa Lupakisyo, jirani yetu mwenye mashine ya kusaga, akavunjika kidole. Jana mjumbe wa nyumba kumi alikuja akasema, "Huyu afungwe kamba kitandani kabla hajaua mtu, au hajauawa." Baba amekubali. Mimi nimeomba nipewe muda mpaka Pasaka.

Mjomba, wewe ndiye uliyemfundisha judo huko kwako tangu ana miaka kumi na minne. Nifundishe na mimi. Nataka kumwangusha bila kumuumiza, nimshike mpaka hali ile impite. Mimi nina kilo hamsini na sita, yeye themanini na kitu.

Mpwa wako,
Dotto


Mikumi
19 Januari 2025

Dotto mwanangu, marahaba.

Nimefurahi mnapata mboga. Nyonga bado, daktari hataki nipande basi. Mwambie dada Consolata nainyoosha.

Saa kumi ndiyo saa yetu ya mazoezi. Na barabara anayoshika ni ya Mikumi. Anakuja huku.

Sikiliza. Usimvute, usimsukume, nguvu humwezi. Mtu mzito anaangushwa na hatua yake mwenyewe. Mshike nguo, mkono mmoja kwenye kola, mwingine kwenye kiwiko, utembee naye kama unamsindikiza. Mguu wake wa kulia unapotaka kugusa chini, kabla hajauwekea uzito, ufagie kwa unyayo wako, chini kabisa kwenye kifundo. Wakati huohuo kiwiko chake kivute kuelekea mfukoni mwako. Ukiwahi, hutasikia uzito wowote. Ukichelewa, umepiga teke mti.

Akianguka usiachie ule mkono. Ndio unaomzuia asitangulize kichwa. Kichwa, Dotto. Kisiguse chini hata kidogo.

Jifunze kwanza na mtu mzima mwenzako, juu ya magunia ya pumba. Nimekuchorea nyuma ya karatasi.

Mjomba wako,
Obed


Mabwerebwere
9 Februari 2025

Mjomba shikamoo, na pole na nyonga.

Hapa afya si mbaya, ila nina michubuko mpaka kwenye mbavu. Nilijifunza na Naomi, mke wa Lupakisyo, nyuma ya mashine yao. Ameniangusha sana yule mama, na kila mara anacheka.

Jumatatu nilimsindikiza Kulwa mpaka karibu na kisima. Nikafagia. Mjomba, alienda kama gunia linaloteremshwa! Akapiga ardhi kwa kiganja, paa, kama mlivyokuwa mnafanya. Nikamlalia kifuani. Baada ya robo saa hivi akaniuliza, "Dotto, tumeangukaje?" Tukacheka wote wawili. Nikamrudisha nyumbani, akala ugali bakuli zima.

Jumanne nikarudia. Akauinua mguu juu ya wangu, taratibu, kama mtu anayeruka kidimbwi, na mimi ndiye niliyekwenda chini. Jumatano vilevile. Ukimuuliza leo siku gani hajui, lakini mguu wake unajua. Alifika mpaka Magomeni, wakamrudisha watu wanne wa bodaboda, mmoja kachanika mdomo.

Kuna njia nyingine?

Mpwa wako,
Dotto


Mikumi
15 Februari 2025

Marahaba mwanangu. Pole na mbavu, jikande kwa maji ya moto.

Hilo nililitegemea. Kila nililonalo nimempa, na alilipokea kuliko wote waliopita ukumbini kwangu. Uso kwa uso hutamweza tena. Mwendee kwa nyuma, huko sikumkazania.

Mkumbatie kiunoni, shavu lako likae mgongoni kwake, asipate nafasi ya kugeuka. Vidole usivipishanishe, shika kifundo cha mkono wako mwenyewe. Weka mguu wako nyuma ya kisigino chake, kisha wewe kaa chini. Kaa tu, kama unayekaa kwenye kigoda, ila ubavuni kwake. Ukikaa nyuma yake moja kwa moja atakuangukia. Atashuka kwa makalio, polepole. Hapo zungusha miguu yako kwenye yake na umshikilie.

Ningekuja mwenyewe. Nyonga hii.

Mjomba wako,
Obed


Mabwerebwere
30 Machi 2025

Mjomba, shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umeacha magongo. Mama ana kifua kidogo, anatumia dawa.

Njia yako ilifanya kazi mara kumi na moja. Nilikuwa nahesabu. Lakini Kulwa hakubali tena nipite nyuma yake. Anakaa ameegemea ukuta. Nikienda kuchota maji ananifuata kwa macho mpaka nirudi. Chakula nikimpa mimi hakigusi, mpaka mama akichukue sahani mkononi mwangu ampe yeye. Tumelala tumbo moja, mjomba, na ananiogopa.

Alhamisi nilimwendea hivyohivyo kwa kuwa sikuwa na lingine. Aligeuka kabla sijamgusa. Nikaona mbingu, kisha nikaona vumbi. Kichwa changu alikipokea kwa kiganja chake, nashukuru, lakini alinilalia kifuani nikakosa pumzi kabisa. Mama anampiga mgongoni na mwiko, analia, "Kulwa, ni Dotto! Ni Dotto huyu!" Hasikii. Nikakumbuka nilivyowaona mkifanya zamani, nikampiga bega kwa kiganja, mara mbili, ile alama yenu ya kukubali kushindwa.

Akaniachia hapohapo. Akapiga magoti, akakaza mkanda ambao hakuuvaa, akainama. Kisha akatulia ananitazama.

Alikuwa anangoja neno, mjomba. Nilimwambia simama. Nikamwambia basi, nikamwambia twende ndani. Hakutingishika. Alikaa kwenye magoti mpaka jua likazama, mama akamletea uji akamnywesha palepale.

Mlikuwa mnamwambia neno gani baada ya hapo? Nitumie haraka, Pasaka inafika.

Mpwa wako,
Dotto


Mikumi
27 Aprili 2025

Mwanangu Dotto,

Najua Pasaka imepita. Barua hii nimeianza mara nyingi, nikaacha. Mama yako apone kifua.

Neno ni "Tena". Mtu akishindwa anainama, mimi nasema "Tena", wanashikana upya. Miaka yote hiyo sikumwambia Kulwa neno jingine.

Sasa nikueleze. Jumanne kabla ya Morogoro, Yeremia, mwanafunzi wangu mwingine, alimtupa hapa ukumbini. Nikaangalia kwa macho yangu: walikuwa wametoka kwenye mikeka, akatanguliza kichwa kwenye saruji. Akapiga magoti akaniambia, "Kichwa, mwalimu." Nikasema, "Tena." Akaenda nyuma ya ukumbi akatapika. Aliporudi nikasema, "Tena." Jumamosi nikampeleka kwenye mashindano. Daktari wa pale aliniuliza kama kuna mchezaji aliyeumia karibuni, nikamjibu hakuna. Kule kuanguka mlikokusikia nyote, Dotto, hakukutokana na mtupo mkubwa. Mtoto angeinuka.

Nyonga inauma kweli, lakini natembea. Magongo niliyaacha Desemba. Sikuja kwa sababu sikuwa na uso wa kumtazama Kulwa, nikawa nakufundisha wewe kumwangusha kwa karatasi.

Usimwambie "tena". Mwambie "imetosha". Sijui kama atakuelewa, kwangu hakuwahi kulisikia.

Ukumbi nimeufunga. Dada yangu hajui lolote kati ya haya. Msomee au usimsomee, uamuzi ni wako.

Obed


Mabwerebwere
8 Juni 2025

Mjomba,

Barua yako ilifika. Nilikaa nayo wiki tatu.

"Imetosha" nimejaribu. Ananitazama tu. Siku moja nilichoka nikasema lile lako, akainuka papo hapo akanishika kola, macho yanang'aa, Kulwa wa zamani kabisa. Sikulirudia.

Baba alinivumilia hata Pasaka ilipopita, ila Jumanne alikuja na Lupakisyo na wengine wawili, wakamfunga. Hakupigana. Alipofungwa mkono wa pili alipiga ubao wa kitanda mara mbili kwa kiganja, akatulia, akangoja wamwachie. Hawakujua ni nini. Baba alitoka nje akakaa kwenye jiwe. Mimi nilifungua usiku, asubuhi wakafunga tena. Sasa sifungui.

Jana nilimsomea mama barua yako yote. Alisikiliza bila kuniangalia, mikono kwenye ungo. Nilipomaliza akasema, "Rudia pale aliposema kichwa." Nikarudia. Akasema, "Tena." Nikasoma mara tatu.

Leo asubuhi ameniambia nikuandikie uje. Hakusema uje kufanya nini, na mimi sikumuuliza.

Dotto