Damu ya Familia

Sakania, 4 mars 2025

Mujukuu wangu Syntiche,

Uko muzuri? Miye niko, magoti tu njo inalalamika. Naandika barua sababu nikisema kwa telefone ya Élie, kijana wa hapa, nyumba yote inasikia. Mama yako anasema kila mwezi tumbo inakuangusha chini, na munganga wa hopitali alikamata damu kwa mukono. Mukono! Ugonjwa iko mu tumbo, damu ya mukono itajua nini? Unieleze, na hapana Kifaransa tupu.

Nkambo yako Mado

Ruashi, 11 mars

Nkambo,

Jambo sana. Magoti upake mafuta. Ugonjwa banaita endometriose: nyama ya ndani ya kizazi inaota inje yake. Damu inazunguka mwili yote, inaweza kubeba alama ya ugonjwa. Yangu ilitoka muzuri, lakini munganga anasema hiyo haimalizi neno: damu peke yake haitoshi. Kazini banasema niko muvivu. Munganga anataka damu ya familia.

Mujukuu wako

Sakania, 20 mars

Syntiche,

Salamu fupi, treni inangoja. Damu ya familia njo hii. Kangwa, munganga wa dispensaire ya hapa, alikataa kunikamata damu, nikamugombeza mpaka akakubali. Iko mu chupa ya sirop ya kikohozi, niliiosha mara tatu. Anaclet wa treni anakuletea. Asiifungue!

Nkambo

Ruashi, 2 avril

Nkambo wangu,

Uko na nguvu? Munganga alicheka mpaka akatoa miwani. Damu ilishaoza! Alitaka kuuliza tu: nani mu familia aliumwa hivi? Kama kuko muntu, hatangoja tena, atanituma baniangalie ndani na kamera. Mama hajui kitu. Nkambo, weye?

Syntiche

Ruashi, 30 avril

Nkambo, uko mugonjwa? Hujajibu. Jana nilianguka tena kazini.

Syntiche

Sakania, 9 mai

Syntiche,

Usinisukume, miye si mutoto yako. Mugonjwa siko.

Ndiyo. Kila mwezi nilikuwa nalalia tumbo kwa simenti, sababu ya baridi yake. Mama-mukwe aliniita muvivu mbele ya bantu. Nilizaa mama yako tu, bakasema niko mulozi. Bwana yangu nilimuambia ni malaria. Malaria ya miaka makumi tatu! Na weye, ulipolia hapa mu vacances ya masomo, nilisema unadeka. Nilikuwa najua.

Munganga aandike: Mado, nkambo, ndiyo. Siku ya mardi, Jumanne, niko mu treni. Kama hiyo kamera inaangalia hata bazee, nilale miye kwanza. Nataka kuona kile kilikuwa kinanikula.

Nkambo yako