Mtoto wa Usiku wa Ijumaa

Kwako Deo, uliyekuwa mchumba wangu,

Barua yako kwa Daktari imefika. Alinipa niisome, kwa sababu inanihusu mimi kuliko inavyomhusu yeye. Ukurasa mzima unamshauri aitupe programu yetu ya kuandikisha vizazi, anunue ya dukani, maana Scheme, lugha ya kompyuta tuliyoiandikia, ni ya darasani na hapa hakuna mtu wa kuihudumia. Chini kabisa, baada ya sahihi, ukaandika, "Nisalimie Mwajuma." Miaka mitatu tangu uende ng'ambo, Deo, na mimi nimekuwa salamu ya chini ya sahihi. Basi nakujibu hadharani. Nakala nimeibandika kwenye ubao wa matangazo wa zahanati, na wenye kuulizana habari zetu wasome.

Unakikumbuka kile chumba cha nyuma hapa Mtoni, kati ya stoo ya dawa na choo cha wauguzi? Kompyuta ya mtumba kutoka Dubai, feni moja, na mgao wa umeme uliotufanya tuandike kwanza kwenye daftari ndipo tuchape. Ulikuja na diski zako za chuoni, ukanifundisha mimi karani wa mapokezi lugha yenye mabano mengi kuliko maneno. Tulichukua maktaba ya bure, yaani programu za watu zilizo tayari, iliyoandikwa kwa lugha nyingine iitwayo C, ile inayohifadhi kila kitu kwa jozi, ufunguo na habari zake, tukajenga kiunganishi ili Scheme iweze kuzungumza nayo. Ufunguo wetu ulikuwa tarehe, saa na jina la mama wa mtoto. Nilikupenda katika kile chumba. Sioni haya kulisema, maana hata wafagizi walijua.

Mwaka huu ile kompyuta ilikufa. Iliyokuja badala yake haiikubali maktaba ya zamani, inataka toleo jipya, na toleo jipya limebadilisha tabia. Kila ombi la kuweka au kutoa habari sasa linadai kitu kimoja cha ziada ambacho kiunganishi chetu hakikijui. Vizazi vya miaka mitano vikabaki kwenye diski, havisomeki.

"Deo mwenyewe anasema itupwe," Daktari akaniambia. "We Mwajuma ni nani ukatae?"

"Ni mtu aliyeiandika nusu yake, Daktari. Nipe mwezi mmoja."

Alinipa, kwa kunisikitikia. Asubuhi nikawa mapokezi, mchana kwenye mabano. Nilirekebisha ombi moja baada ya jingine, nikijikwaa, nikitukana kimoyomoyo. Ndipo nikakuta kipande chako cha programu cha kulinganisha funguo, kile kinachoamua nani atangulie na nani afuate. Hakikuwa na neno hata moja la maelezo. Kilikuwa kinamchukua mtoto aliyezaliwa baada ya saa kumi na mbili jioni na kumpanga na watoto wa kesho yake. Nikacheka peke yangu. Nikasema kumbe hata bingwa hukosea. Nikakifuta, na nakiri niliona raha.

Programu ikawaka. Vizazi vyote vikarudi, nikatembea zahanati nzima kifua mbele. Siku ya nne akaja mama mmoja, mtoto wake anaanza chekechea, anataka karatasi ya kizazi.

"Anaitwa Juma," alisema. "Kazaliwa Ijumaa ya kwanza baada ya Idi."

Nikatazama kalenda ya mwaka ule, nikaitisha Ijumaa hiyo. Hayumo. Nikamwambia labda alijifungulia kwingine.

"Nimejifungulia chumba kile pale, isha ishaadhiniwa, na mama yako ndiye kanipokelea mtoto. Leo mnaniambia sijazaa?"

Daktari alikuwa amesimama mlangoni. "Basi, imetosha," alisema. "Jumatatu namwita yule bwana wa programu za dukani aje afunge ya kwake."

Maneno ya yule mama yalinikaa kichwani. Isha ishaadhiniwa, na mtoto akaitwa Juma. Nikakumbuka siku uliyoshika cheti changu cha kuzaliwa ukaanza kunitania, "Hapa wameandika Alhamisi. Kumbe wewe ni Mwanahamisi, umetudanganya wote." Mama yangu, ambaye wakati ule bado alikuwa mkunga wetu, alikujibu huku ananawa mikono: "We Deo, huyu kazaliwa Alhamisi jua limeshazama. Hiyo ni Ijumaa. Sie siku yetu huanzaga magharibi." Ulibishana naye kwa Kiswahili chako cha Bukoba mpaka chai ikapoa. Kisha ukarudi mezani, ukaandika kitu. Sikukuuliza ni nini.

Kumbe ulikuwa unaandika kile nilichokuja kukifuta. Nilikasirika, Deo, na bado nina hasira. Ulimwelewa mama yangu vizuri kuliko mtu yeyote, halafu ukaificha akili hiyo katikati ya mabano bila kumwambia mtu.

Nilikirudisha. Haikuwa kunakili tu, maana toleo jipya linakipokea kilinganishi kwa njia nyingine, na ilinibidi nivipange upya vizazi vyote. Jumatatu yule bwana alipofika na boksi lake, nilimwomba anioneshe mtoto wa usiku wa Ijumaa. Akasema siku huanza saa sita usiku, dunia nzima. Nikamwambia apite wodini awaulize waliojifungua jana wamewapa watoto majina gani, na kwa nini. Hakwenda.

Mama Juma tulimwita mbele ya mashine. Nikaitisha Ijumaa yake. Mtoto wa kiume, saa mbili usiku, jina lake yeye, na jina la mama yangu kama mkunga. Karatasi aliichukua bila asante, akasema ningempa tangu juzi asingepoteza nauli. Daktari alimsaidia yule bwana kubeba boksi lake hadi kwenye gari.

Kwa hiyo sitaitupa. Ukimwandikia tena Daktari, mwambie mtu wa kuihudumia yupo, ameajiriwa kwa kazi hiyo tangu wiki iliyopita, na mapokezi wametafuta karani mwingine. Nakala mpya sikutumii. Ukiitaka, njoo Mtoni upange foleni na kina mama.

Juu ya kile kipande nimeandika sababu yake, kwa Kiswahili, mistari sita, ili atakayekuja baada yangu asikifute kwa kucheka kama nilivyofanya mimi. Ilinichukua robo saa. Robo saa tu, Deo, ungeweza kunipa na mimi kabla hujapanda ndege.

Uwe na afya huko kwenye baridi,

Aliyekuwa mchumba wako,
Mwajuma