Picha ya Nafula Inauzwa Kitale

Picha ya mlima iliyo upande wa pili wa kadi hii ameipiga Nafula wetu, na inauzwa madukani hapa Kitale! Si ulisema ati kamera hailiwi? Haya, Baba Nafula, hujambo huko Bungoma?

Leo alfajiri tulipanda Elgon, baridi inang'ata masikio, anga safi, nyota bado zimejaa. Nikajisimamisha mbele ya kamera na kitenge changu cha kanisa, Nafula akapaza sauti: "Mama, sogea, unaziba mlima!" Tulicheka, bana.

Lakini mchana Nafula alichinja kuku, nikakutengea firigisi ya mwenye nyumba kama kawaida, ndipo nikakumbuka hauko. Nafula akaacha kula. Weka hasira ya kamera chini, mzee wangu, uje na ndugu zake wote. Tunawangoja Jumamosi.