Mluzi Upande wa Pedali

Mokambo, 3 Machi 1976

Kwako baba mkwe Abibu,

Asalamu aleikum. Goti lako likoje? Sisi tunashukuru. Binti yako Alima yuko mwezi wa nane, na mkunga anasema mtoto amekingama tumboni. Lazima azalie huko kwenu Lubumbashi. Nitamleta mwenyewe kwa motokari, ila tangu mwezi jana inaumwa. Nikiiacha ingurume bila kwenda, inatetemeka kama mtu wa malaria. Nikikanyaga mafuta inasita kwanza, halafu inaruka. Wewe ndiye fundi, niambie.

Mkweo, Sumaili

Kamalondo, 9 Machi

Sumaili mwanangu,

Waaleikum salaam. Goti ni la mzee, tumezoeana. Mwambie Alima mama yake ameshafua vitambaa vya mtoto. Safisha buji zote nne, zile za kuwasha moto wa injini. Kisha injini ikinguruma, nyunyiza maji kidogo shingoni mwa kabureta. Mlio ukibadilika, hewa inaingia hapo. Tega sikio pia, hewa ya wizi hupiga mluzi. Na uniandikie kila kilichobadilika, hata usichokiona kuwa cha injini. Mficha uchi hazai, nami nataka wajukuu wengi.

Babako, Abibu

Mokambo, 16 Machi

Baba mkwe,

Asalamu aleikum. Alima amevimba miguu lakini anacheka. Buji nimesafisha, maji nimenyunyiza, mlio ni uleule. Mluzi upo, ila hautoki kwenye kabureta. Unatoka nyuma, upande wa pedali. Mengine yote mazuri. Tunaondoka Jumapili asubuhi.

Mkweo, Sumaili

Kamalondo, 19 Machi

Sumaili,

Salamu kwa haraka. Usiwashe motokari. Mluzi wa upande ule ni wa servo, ile inayosaidia mguu wako kwenye breki. Nilipoifungua Januari kipuri hakikupatikana mji mzima, nikakata mpira wa ndani wa gurudumu nikaupachika mahali pake. Sikukuambia. Niliona haya, fundi mzima kama mimi. Breki imekuwa ngumu? Chomoa mpira unaotoka servo kwenda kwenye injini, ziba tundu la injini kwa kijiti. Injini ikitulia, ugonjwa ndio huo. Alima apande lori la Antoine, huyu dereva anayekuletea barua.

Babako, Abibu

Mokambo, 28 Machi

Baba,

Asalamu aleikum. Habari ya msiba Antoine amekufikishia. Barua yako alinikabidhi makaburini. Sababu yake nakuandikia mimi mwenyewe.

Breki ilikuwa ngumu tangu Februari. Lakini ni kazi ya mikono yako, nami nimeoa kwako. Ningekuambiaje kuwa kazi yako ni mbovu? Tulipokuwa tunapakia, Alima alisema: "Umwambie baba. Kuona haya hakusimamishi motokari." Nikamjibu nitakuambia tukifika.

Kwenye mteremko wa daraja nilikanyaga kwa miguu yote miwili. Upande uliogonga nguzo ni wake. Mtoto naye hakuwahi kutolewa.

Jana niliiwasha motokari, injini yake bado nzima, nikachomoa ule mpira, nikaziba kwa kijiti kama ulivyoandika. Injini ikatulia. Nilikaa nikaisikiliza mpaka mafuta ya esansi yakaisha.

Mkweo, ukiniruhusu bado kujiita hivyo,
Sumaili