Vikonyo vya Droo ya Chini

Jumatatu, 6 Novemba

Leo tumeitikisa. Miti yangu ishirini na miwili, kwa mara ya kwanza, tena kwa mashine! Miaka mingine ilizaa konzi mbili tatu, kunguru wakamaliza kabla hatujafika. Mwaka huu matawi yameinama. Kaka yangu Lucius alipanda trekta, akaubana mti wa kwanza kwa mkono wa mashine, akatikisa. Sekunde tano tu. Kokwa za pekani zikashuka kama mvua ya mawe. Nilikuwa nimesimama karibu mno, nikapata nundu juu ya sikio. Nikacheka mpaka nikakaa chini.

Halafu nikaokota moja. Si Stuart, aina tuliyodhani tumepanda.

Stuart ni nene na butu, wilaya hii mtu anaijua hata akiwa amefumba macho. Hii ni ndefu, nyembamba, ina ncha kali, na kichwani ina michirizi myeusi. Nikaweka mbili kiganjani, nikabana, moja ikaivunja mwenzake. Ganda laini ajabu. Kiini kikatoka kizima, rangi ya siagi. Nikala. Mungu wangu.

Nikampelekea kaka yangu. Hakula. Aliigeuzageuza vidoleni, akatazama michirizi, akautazama mti, akazima trekta. Basi kwa leo, akasema. Saa nne asubuhi!

Jumanne, 7 Novemba

Lucius amepata wa kumlaumu, nami ndiye. Anasema nilibebesha vikonyo visivyo, yaani vijiti nilivyopachika kwenye miche havikuwa vya Stuart.

Labda. Ni miaka kumi na moja sasa. Baba alikuwa hospitali, akanipigia simu: Della, vikonyo vya Stuart viko kwenye friji, droo ya chini, nimevifunga kwa gazeti bichi. Gome la miche limeanza kuachia, ndio wakati wa kubebesha, ukingoja wiki umechelewa. Nikafungua droo ya chini. Kulikuwa na karoti, kabichi, na kifurushi cha gazeti bichi. Huku kwetu kila friji ina kifurushi kama hicho ikifika Februari. Mama aliwahi kutia cha Baba kwenye sufuria ya mboga, akadhani ni mashina ya kabichi. Sasa mimi ningejuaje?

Nilichukua kisu cha Baba, nikabebesha miche ishirini na miwili kwa siku mbili, mimi dereva wa basi la shule ambaye sikuwahi kubebesha hata mmoja. Yote ikashika. Baba aliletwa kwa kiti cha magurudumu kuja kuhesabu machipukizi. Akahesabu mara mbili. Akaniambia, "Wewe mtoto, ulikuwa unanificha nini miaka yote hii?" Agosti tukamzika.

Naipenda miti ile. Sina la kuongeza.

Ijumaa, 10 Novemba

Mnunuzi amekuja na sahani yake ya kupimia. Akabangua, akapima, akatikisa kichwa kwa furaha. Kiini kingi kuliko Stuart! Halafu akauliza inaitwaje. Nikasema hatujui. Basi, anasema, pekani isiyo na jina nitaichanganya na zile zinazojiotea barabarani, kwa bei ya hizo.

Lucius kama aliyekuwa akingojea neno hilo. Jioni amenitangazia: Dewitt, mkata miti, anakuja na msumeno wa injini Jumamosi ya tarehe mbili Desemba. Yote inakatwa, yanabaki mashina, masika tunabebesha Stuart upya.

Nikamwambia, "Miaka kumi mingine, Lucius. Nina sitini na moja. Ikizaa nitazitafuna kwa meno ya nani?"

"Utasagiwa."

"Na Baba hakukata mti kabla ya Februari hata siku moja."

"Dewitt ana nafasi Desemba."

Baba aliniachia nyumba, shamba akamwachia yeye. Neno la mwisho ni lake, na analijua. Ila kuna kitu. Mtu anahukumu pekani siku nne nzima na hajaonja hata moja.

Jumapili, 12 Novemba

Nimepika kashata za pekani zangu, trei mbili, nikapeleka kanisani. Zimekwisha kabla kwaya haijavua majoho. Mchungaji alikula nne na akaficha mbili ndani ya mkoba wa Biblia, nimemwona kwa macho yangu. Akina mama wakanizunguka: Della, hii ni aina gani, inaitwaje?

Nikasema inaitwa Kosa la Della.

Wameshaanza kuagiza! Mama Ozella anataka ratili kumi za Kosa la Della kwa ajili ya Krismasi. Lucius alikuwa nyuma yangu. Hakucheka.

Alhamisi, 23 Novemba

Sikukuu ya Shukrani. Bata mzinga ameiva vizuri, mkate wa mahindi umeungua chini kidogo. Lucius kala sahani tatu. Pai ya pekani akaipitisha kwa jirani. Sukari, anasema. Mtu anayetia vijiko vinne kwenye chai ya barafu!

Siku tisa zimebaki. Nimejaribu kwa wema, nimejaribu kwa kununa. Jiwe.

Jumatano, 29 Novemba

Andika pole pole, Della, usiruke kitu.

Nilipeleka magunia mawili kwa Mzee Quarterman yakabanguliwe. Mashine zake zilikuwa zinanguruma, vumbi la maganda kila mahali. Ndani kulikuwa na mteja mmoja tu, Bi Almeta Suggs, mjane wa yule mwalimu wa hesabu. Amekuja kununua vipande vya kutia kwenye keki. Tulisalimiana kwa heshima kama siku zote. Zamani alikuwa kanisani kwetu, ghafla akahamia kwa Wamethodisti. Sikuwahi kujua kwa nini.

Mzee Quarterman akamwaga zangu kwenye trei. Bi Almeta akapitisha mkono juu yake, kama mtu anavyopapasa kitambaa dukani. Mkono ukasimama. Akachukua moja, akaitazama kichwani. Akachukua ya pili, akazibana, zikapasuka. Akala nusu. Nusu ya pili akabaki nayo kiganjani.

"Della," akasema, "umezitoa wapi pekani za mti wangu?"

Nikamwambia mti wako upi, hizi ni za shambani kwetu, miti ishirini na miwili. Akasema mti wake aliupanda bibi yake kwa kutupa kokwa dirishani, ulikuwa mmoja tu duniani, na serikali ikaukata ilipopanua barabara, miaka kumi na moja iliyopita. Kabla haujakatwa alimwomba mtu mmoja achukue vikonyo. Mtu huyo akavichukua. Baadaye akamtumia ujumbe kwamba amevitupa.

"Mtu gani?" nikauliza, nikijua.

"Muulize kaka yako."

Mdomo wangu huu! Badala ya kunyamaza nikasema: basi kula sasa, Bi Almeta, maana Jumamosi anaikata yote.

Akaweka ile nusu kwenye mkoba wake, akatoka. Vipande vyake vya keki ameviacha kaunta. Mzee Quarterman akazima mashine, akasema amebangua pekani miaka arobaini na hajawahi kuona moja ikimliza mtu. Mimi sikuwa nimeona kwamba Bi Almeta analia.

Alhamisi, 30 Novemba

Nimemkamata Lucius akinywa kahawa. Nimekaa mbele ya mlango. Nikamwambia jina moja tu: Almeta.

Aliweka kikombe chini, akazeeka miaka kumi.

Haya ndiyo niliyoyapata, kwa kumvuta neno moja moja. Mwaka ule Lucius alikuwa amefiwa na mkewe miaka mitatu. Alikuwa akienda kwa Almeta kurekebisha bomba. Bomba moja, miezi mitano! Sisi wote hatukujua. Akachukua vikonyo vya mti wake, akavifunga kwa gazeti bichi, akavitia kwenye friji ya Baba, droo ya chini. Vya Baba vilikuwa chini ya kabichi, vikaozea huko. Halafu Almeta akamwalika chakula cha Pasaka, akae mezani na watoto wake na ndugu zake wote, wamwone. Lucius akavaa suti. Akaendesha gari mpaka kwenye sanduku la barua la Almeta, barabarani mbele ya ua wake. Akaona magari kumi na moja yameegeshwa uani. Akageuza.

"Kwa nini?"

"Magari kumi na moja, Della."

Kisha akaona aibu. Aibu ikageuka kiburi, na siku Almeta alipouliza vikonyo viko wapi, akamjibu amevitupa. Kweli alidhani vimetupwa, alirudi kwenye droo akakuta karoti. Tangu hapo hawajasemezana. Mwezi huu aliposhika ile pekani ya kwanza alijua palepale.

"Kwa hiyo unakata miti ya watu ili usione haya."

"Ishirini na miwili," akasema. "Mmoja ningeweza kuuvumilia."

Nilitaka kumpiga na taulo la vyombo. Badala yake nimecheka, na yeye akacheka kidogo, kisha akafunika uso kwa mikono yake yote miwili. Kaka yangu ana sitini na sita. Nampenda na ni mjinga.

Nikamwomba ampigie Dewitt, amkataze. Akasema atafikiri.

Ijumaa, 1 Desemba

Bado anafikiri. Hajapiga simu.

Jumamosi, 2 Desemba

Naandika jikoni, penseli mkononi, jicho dirishani.

Dewitt amefika saa tatu na gari lake, msumeno, ngazi, na radio. Lucius alitoka kumpokea kama mtu anayekwenda kung'olewa jino. Wakasimama chini ya mti wa kwanza. Dewitt akauliza akate wapi. Lucius akaonyesha, akashusha mkono, akaonyesha tena chini zaidi, akashusha mkono. Nimetoka bila koti. Nilikuwa nimeazimia kuukumbatia mti mbele ya watu, na sioni haya kuliandika.

Sikuhitaji. Gari la Almeta limeingia getini.

Alishuka na kofia ya kanisani, Jumamosi! Hakumsalimu mtu. Alipita mstari mzima, mti kwa mti, akigusa kila shina pale kikonyo kilipoungana na mche, hata akaufikia wa ishirini na mbili, akarudi. Dewitt akazima radio mwenyewe. Lucius alivua kofia yake na hakujua aiweke wapi.

"Nani alibebesha?" Almeta akauliza.

"Mimi," nikasema. "Kwa makosa."

"Asante, mdogo wangu." Akanishika shavu. Mkono wake ulikuwa wa baridi. Kisha akamgeukia Lucius. "Uliniambia umevitupa."

"Nilidhani vimetupwa."

"Lakini uliniambia umevitupa wewe."

"Ndiyo."

"Na Pasaka?"

Lucius akaigeuzageuza kofia. "Nilifika kwenye sanduku la barua."

"Najua. Nilikuwa dirishani." Alisema bila kupandisha sauti. Miaka kumi na moja alikuwa anajua, maskini! "Watoto wangu wako nyumbani leo, wote, na wajukuu. Tunakula saa nane kamili. Kiti kipo. Dewitt, baba, nisikilize. Huyu akiwa mezani kwangu saa nane, rudi nyumbani kwako. Asipokuwepo, kata. Sitaki miti yangu ikae kwa mtu asiyeweza kuvuka ua."

Nikasema jamani, na mimi niliyeibebesha je? Lucius akasema, "Sawa." Almeta akapanda gari, akaondoka.

Saa sita na nusu. Lucius ameingia kuoga. Dewitt yuko mezani kwangu, msumeno ameuweka juu ya gazeti karibu na miguu yake. Nimempa pai. Anasema kazi ni kazi, amekwisha ahidi. Nimempa kipande kikubwa zaidi.

Saa saba na robo. Lucius anauliza pasi iko wapi. Nimelinyoosha shati mwenyewe, maana angeliunguza. Nimemuuliza anaogopa nini. "Safari ile yalikuwa magari kumi na moja," anasema, "sasa wamezaana." Nimemfunga tai. Nimemwambia mezani ale chochote atakachopewa, na akiulizwa swali ajibu kweli, basi.

Saa saba na nusu. Ametoka. Yuko ndani ya gari. Injini inanguruma.

Saa saba na dakika thelathini na tisa. Bado yuko ndani ya gari. Kutoka hapa mpaka kwa Almeta ni dakika kumi, ukiendesha kama Lucius kumi na tatu. Nimekwenda kufungua geti, wazi kabisa, nikarudi bila kumtazama. Dewitt ametazama saa ya ukutani, akatazama msumeno, akaniomba kipande cha tatu. Nimemwona akiisogeza saa yake ya mkononi nyuma, kwa kidole gumba, chini ya meza. Nimemkatia pai.

Saa nane kasoro dakika kumi na tatu. Gari limesogea! Limefika getini. Limesimama.

Ameshuka. Moyo wangu umeshuka naye. Anarudi — hapana, harudi nyumbani, anakwenda kwenye miti. Kwa suti ya Pasaka. Amepiga magoti chini ya mti wa kwanza, anaokota. Anachagua moja moja, anazifuta kwenye suruali, anazitia kwenye kofia. Kweli, mkono mtupu haulambwi, lakini si sasa, Lucius!

Amesimama. Amezibana mbili kiganjani. Anakula, kwa mara ya kwanza. Ametulia hapohapo chini ya mti, anatafuna pole pole, macho ameyafumba.

Saa nane kasoro dakika tisa. Nimetoka mlangoni nampigia kelele aende. Ameinama tena. Kofia haijajaa.