Usiku wa Tisa, Karibu na Bari

Carrollton, Texas
Tarehe 11 Mei

Kwako Yaya Method, kaka yangu mkubwa,

Nakusalimu kwa upendo wa tumbo moja lililotubeba. Natumaini barua hii inakukuta mzima, lile goti la kushoto limekupa nafuu, na wale wazee wa Kiitaliano unaowaogesha na kuwalisha hawakuchoshi kupita kiasi. Hapa kwetu wote ni wazima. Rosette yuko Katy, kando ya Houston, ameshakuwa nesi kamili mwenye beji shingoni. Parfait bado anakaa nami hapa Carrollton, amerefuka hadi anainama mlangoni kama twiga anayeingia dukani. Mimi mwenyewe mwili uko sawa, ni roho ndiyo inatetemeka. Utashangaa kupokea karatasi wakati simu zipo. Kwenye simu mimi huongea sana, unanijua, na nikishaongea sana ukweli unapotea katikati. Kwa hiyo nimenunua kalamu.

Unajua kwamba watoto wanakuja. Wataanzia Lisbon, Ureno, na usiku wa tisa watalala kwako karibu na Bari. Kaka, ninauogopa huo usiku wa tisa kuliko nilivyoziogopa risasi za kule kwetu Walungu. Mtaketi mezani wewe na wanao, kila mmoja ataeleza jinsi alivyoachwa na mwenzake, na hadithi zenu hazitafanana, kwa sababu zote mbili nilizitunga mimi. Nataka uisikie ya kweli kutoka kwangu kabla hamjaketi. Niache nianze mwanzo tu, maana nikikimbilia mwisho mkono utagoma.

Rosette anaolewa mwezi wa tisa na Mkenya mmoja, Kibet, mtu wa kompyuta, mpole, akicheka anachekea mabegani. Mwezi wa pili Rosette alikuja kutoka Katy, saa nne za barabara, akaketi kwenye kochi langu bila hata kuvua viatu vya kazi. Akasema hawezi kuolewa kabla ya kumwona baba yake, hata kama baba huyo hakumtaka. Nakuandikia maneno yake kama yalivyotoka. Nikamwambia ndege inafika Italia kwa siku moja. Akasema siku moja haitoshi, ana hasira ya miaka kumi na sita na anataka barabara ndefu ya kuimwagia. Yeye, Kibet na Parfait wamekodi lile gari kubwa lenye vitanda, jiko na choo ndani, nyumba nzima juu ya magurudumu. Kisha akanigeukia mimi baba yake mdogo akasema, Tonton si uliwahi kuendesha Ulaya, basi tupangie pa kulala.

Hapo, kaka, nilinaswa na mdomo wangu mwenyewe. Hapa kanisani wananiita Simba wa Barabara. Nimewaeleza jinsi nilivyovuta trela la ng'ombe arobaini kwenye mafuriko ya Houston, maji yakafika dirishani, nikawafungulia ng'ombe wakaogelea wakivuta trela wenyewe hadi nchi kavu, na mmoja akabaki anapiga honi. Nimewaeleza pia kwamba zamani, kabla Rosette hajazaliwa, nilibeba zabibu miezi sita kutoka Hispania hadi Italia, na kwamba nilishuka milima ya huko bila breki, nikifungua milango yote miwili ipunge upepo kama mabawa. Wazee wanapiga makofi, akina mama wananiongezea sambusa. Ulaya yangu yote, kaka, ni saa tatu za uwanja wa ndege wa Brussels, kwenye benchi, na mfuko wa plastiki wa karatasi zetu ukining'inia shingoni, naogopa hata kwenda chooni nisije nikaachwa.

Lakini Simba hawezi kusema hajui. Nikakubali.

Rosette alitaka viwanja maalumu wanakolala watu wa magari hayo, penye umeme na bomba la maji. Nikamuuliza ni mtoto wa nani anayelala kwenye uwanja wa wageni wakati mji una watu wetu. Sisi tukisafiri tunalala kwa mtu. Awe wa Bukavu, awe wa Uvira, awe wa Goma, mradi akisikia salamu anajua sufuria iko wapi. Nikashika simu nikaanza na mchungaji wetu, naye akanipa mchungaji wa Lisbon, wa Lisbon akanipa fundi magari wa Mérida, na fundi akanipa mama mmoja muuza vitenge wa Valencia. Kila mahali niliomba kitu kimoja tu, ua wa kuegesha gari usiku mmoja. Kibet akaandika kila usiku kwenye kompyuta kwa mistari ya rangi, akaniuliza kwa heshima kama hii ni likizo au ni mkutano wa injili. Parfait akasema kwa Kiingereza chake kwamba watanenepa kwa bugali, ugali wetu, kabla ya kufika Ufaransa. Tulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote ili wasione hofu yangu.

Maana tangu siku ile ya kochi sikuwa na kazi nyingine ila kuhakikisha hawafiki kwako. Nisamehe, ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa nikipanga njia huku nikiikata. Nilimwambia Rosette kwamba gari refu namna ile haliruhusiwi kushuka kusini mwa Italia, na Kibet akatazama kwenye simu akakuta linaruhusiwa. Nikasema milimani mwa huko kuna mbwa mwitu waliojifunza kufungua milango ya magari, wanapenda hasa wale wanaonukia mafuta ya nywele. Rosette akaniuliza kama hao mbwa mwitu nilisoma nao. Nikaongeza usiku mmoja Girona, nikaongeza mwingine Genoa, nikidhani siku za likizo zitakwisha wakiwa bado mbali. Yeye akaomba siku zaidi kazini, akapewa. Mwisho akaniambia taratibu, kama nesi anavyoongea na mgonjwa, kwamba anaona naogopa, na kwamba niache kumlinda na baba yake, ameshakuwa mtu mzima. Alidhani naogopa kwa ajili yake. Nilienda kuosha uso nikakaa huko bafuni hadi Parfait akabisha.

Usiku wa tano ni Marseille. Niliomba ua wa kanisa, akapokea mke wa mchungaji, Mama Charlotte. Nikamtajia majina ya watoto. Akapiga kelele za furaha hadi nikaisogeza simu mbali na sikio. Sikujua kwamba ulipotoka kwenye maji ya bahari ulipita kwake, ukakaa miezi minne, na kwamba kila Jumapili uliwaombea Rosette na Parfait kwa majina mbele ya watu wote. Mimi mwenyewe, kwa simu yangu mwenyewe, nikawa nimekupelekea habari kwamba wanao wako njiani.

Kesho yake asubuhi nilikuwa Houston, nashusha matairi kwenye ghala moja. Ujumbe wa sauti yako ukaingia kwenye simu. Ukasema umeshafagia ua, mwenye nyumba amekuruhusu kukata matawi mawili ya mzeituni ili gari lipite, umeazima viti sita. Kisha ukasema ile karatasi ya Kiingereza kutoka ofisi ya wakimbizi bado unayo kwenye nailoni, ile uliyonitumia picha yake nikakusomea kwenye simu zamani, na kwamba sasa Rosette amesoma, ataipitia vizuri, huenda akagundua faili lako lilipotelea wapi. Ulikuwa unalia na kucheka pamoja. Wakati huohuo yule wa kuendesha mashine ya kunyanyulia mizigo akagonga dirisha la lori akiniita, akapaza sauti mara tatu, Method, Method, hey Method.

Nikaitika.

Hapa Amerika mimi ni Method Bisimwa. Kwenye leseni ni Method, kwenye mshahara ni Method, hata bima ya meno ni ya Method. Watoto nimewaambia nilichukua jina lako kwa heshima, kwamba hapa inaruhusiwa, na wakaliamini hilo kama walivyowaamini ng'ombe. Karatasi uliyonayo haisemi ungoje. Nilikudanganya. Inasema Method Bisimwa na watoto wake wawili wameshaondoka kwenda Amerika, na kwamba faili limefungwa. Ukiwa umesimama pale kambini Uganda na kadi yako iliyochakaa, ukiuliza zamu yako itafika lini, ofisi ilikuona ni mtu anayejifanya wewe. Kwa sababu wewe ulikuwa umeshasafiri. Ulikuwa Texas, unajifunza kuendesha lori.

Unakumbuka ulikuwa umetoka kambini umerudi Walungu kumzika Mama. Ukaniachia watoto na kadi ya familia. Majina ya wanaoitwa kuhojiwa kwa safari ya Amerika yakabandikwa ukutani, jina lako la kumi na moja kutoka juu. Jina langu halikuwepo, nilichelewa kuandikishwa. Nikanyoa ndevu nifanane na picha yako, nikamfundisha Rosette aniite papa siku mbili mfululizo, nikamwambia ni mchezo na wewe ndiye uliyeutunga. Alikuwa na miaka kumi. Yule ofisa akauliza, wewe ni Method Bisimwa? Nikasema ndiyo.

Miaka yote hii nimejiambia niliokoa watoto, kwamba zilibaki siku tatu tu kabla ya mahojiano na nafasi ingepotea. Hata barua hii nilipoianza nilikusudia kukuandikia hivyo. Ungeweza kunisamehe kwa hilo, mtu yeyote angeweza. Lakini si kweli, kaka. Mkalimani alituambia sote pale nje, kwa Kiswahili safi, kwamba mwenye udhuru wa msiba anaweza kusogezewa mahojiano mwezi mzima, aandike jina tu kwenye daftari lake. Wewe ulikuwa umebakiza siku kumi na mbili kurudi. Kalamu ilinifikia mkononi. Nilimpa mtu aliyekuwa nyuma yangu.

Rosette alipouliza utakuja na ndege ipi, nilisema inayofuata. Alipoacha kuuliza ndege, nilimwambia ulikataa kuja, ulipata mwanamke Walungu na watoto wengine. Ndiyo maana Krismasi alikuwa anakujibu Kiingereza na kurudisha simu. Wewe nilikuambia amezoea Uamerika. Nilikuwa nimekaa katikati yenu kama mkalimani, na nilitafsiri ninachotaka. Uliposema unapita jangwani, kisha uko Libya, kisha sikusikia kitu wiki saba, niliendesha kutoka Dallas hadi Houston na kurudi nisijue nimepita wapi. Ulikwenda majini kwa sababu yangu. Sina hadithi ya kufunikia hilo.

Sasa Rosette anasema akirudi ata-apply ili uje hapa, yeye ni raia, ana haki ya kumleta mzazi. Amepata wakili Houston. Wakili amemwomba karatasi za baba, na baba kwenye karatasi tayari anaishi Carrollton na analipia nyumba hapa. Maana yake, kaka, maadamu mimi ni Method, wewe hutaweza kuja. Nasikia siku hizi mafaili ya zamani yanafunguliwa upya. Nikiona gari la polisi nyuma yangu naingia kituo cha mafuta hata tangi likiwa limejaa. Nina miaka hamsini na mbili, sijui wananifanya nini mtu kama mimi, kunirudisha, kunifunga, kuninyang'anya leseni. Naogopa kila kimoja.

Niliwaza kufuta usiku wa tisa. Nilikuwa na uwezo, orodha iko kwangu. Jana Rosette alikuja kuichukua, amelala hapa, anaondoka kesho. Nimempa jinsi ilivyo, Lisbon hadi kwako, na jina la barabara yako nimeliandika kwa herufi kubwa. Barua hii namwekea katikati ya orodha, kwenye ukurasa wa usiku wa nane, Caserta, na bahasha siifungi. Kiswahili anasoma polepole lakini anasoma. Akitaka kuisoma kabla ya kukukabidhi, ni haki yake. Nataka afike mlangoni kwako akijua kwamba hukumkataa.

Jumanne naenda Houston kwa yule wakili, bila lori, peke yangu. Nimeshampigia. Msichana wa mapokezi akaniuliza jina la mteja. Nikampa la kwangu, ikabidi nimtajie herufi moja moja, maana hata mimi lilinitoka kwa shida.

Nisalimie mwenye nyumba wako na wazee unaowatunza. Mama Charlotte mwambie nimemshukuru, hata kama hajui kwa nini. Parfait usimshangae akikaa kimya, hakukumbuki sura, aliniambia hilo juzi kwa aibu. Mshike tu. Kibet mpe kiti kizuri. Sikuombi unijibu. Ukijibu, andika jina langu kwenye bahasha, hata kama halipo kwenye sanduku la posta hapa. Nimemwambia mleta barua kwamba huenda likaja.

Ni mimi mdogo wako,
Lévi Bisimwa